Boti ya Alumini Ikivuja: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Boti ililetwa ufukweni ikiwa imezibwa mara nne. Juu kulikuwa na rangi ya mafuta, chini ya rangi silikoni ya madirisha, chini ya silikoni lami, na chini ya lami saruji. Mwenyewe alikuwa bado anakumba maji kila safari. Nilikwangua siku mbili nzima kabla sijaliona tumbo la boti lenyewe, na nilipoliona nikakuta ugonjwa wa mwanzo ulikuwa ribiti tatu zilizolegea karibu na mkuku. Ribiti tatu tu, kazi ya nusu saa kwa watu wawili wenye nyundo. Lakini saruji ilikuwa imekwisha kuila alumini kwa chini, ikaacha vishimo vyenye unga mweupe, na sehemu ya upana wa kiganja ikabidi ikatwe na kuwekwa kiraka.

Ndiyo maana naandika kwa ukali. Boti za alumini ninazozishika hapa ziwani nyingi zimeshatumika Marekani au Kanada kabla ya kuingizwa kwenye kontena, na bado zina miaka mingi mbele yake. Kuvuja hakuziui. Zinauawa na kuzibwa ovyo. Anayeziba amezoea mtumbwi wa mbao, ambao ukivuja hukalafatiwa kwa pamba na mafuta, na mbao ikilowa huvimba ikasaidia kuziba. Alumini haivimbi. Tundu likiwepo litabaki lilivyo mpaka mtu alitengeneze kwa njia inayostahili.

Basi haya yachukue kama masharti.

ANZA NA KIZIBO

Boti hizi huwa na tundu upande wa nyuma, chini kabisa, la kutolea maji boti ikiwa nchi kavu. Kizibo chake ni cha mpira, au cha kukaza kwa uzi chenye pete ya mpira. Mpira ukizeeka unakauka, unapasuka, unapitisha maji kidogo kidogo, na mwenye boti anaamini imetoboka. Ng'oa kizibo, kikunje kwa vidole. Ukiona nyufa, nunua kingine. Kisha kagua kila skrubu iliyopigwa nyuma, pale panapofungwa mashine: ya ngazi, ya kifaa cha kupimia kina, ya kushikia waya. Zile za chini ziko ndani ya maji saa zote, na aliyezipiga mara nyingi hakuweka gundi yoyote. Usishike nyundo wala epoksi kabla hujamaliza hapa.

USITAFUTE TUNDU BOTI IKIWA MAJINI

Ukiwa umekaa ndani ya boti, maji hayakwambii yametoka wapi. Yanaingia mbele, yanafuata mbavu, yanapita chini ya sakafu, yanakusanyika nyuma. Nawe unaziba nyuma. Geuza kazi: itoe boti, iache ikauke nje kabisa, mimina maji ndani, kisha uangalie yanatokea wapi.

Iweke juu ya magogo au mbao nene zinazopita chini ya mkuku na chini ya mbavu, sehemu tatu au nne, kwa kimo kinachomwezesha mtu kulala chini na kuangalia. Usiitegemeze kwenye ncha mbili peke yake. Maji ni mzigo mzito. Sakafu ya mita 3.5 kwa mita 1.2 ukiijaza sentimita 5 tu, umeweka lita 210, yaani kilo 210, sawa na watu watatu wa kilo 70 kila mmoja. Ukijaza sentimita 15, umeweka kilo 630. Boti iliundwa ibebwe na maji chini yake pote, haikuundwa kuning'inia kati ya magogo mawili ikiwa imejaa. Nimeuona mkuku uliopinda kwa jaribio la namna hiyo, na mkuku uliopinda haunyooki tena ukawa kama ulivyokuwa.

Kabla ya kumimina, paka unga wa chaki kwenye mishono na juu ya vichwa vya ribiti upande wa nje. Tone la kwanza litachora mstari mweusi kwenye weupe ule, nawe utaliona hata likiwa dogo kama kichwa cha pini. Jaza polepole, hatua kwa hatua, na usivuke usawa ambao maji ya ziwa hufika boti ikiwa na mzigo. Subiri. Ribiti inayovuja kidogo huweza kuchukua nusu saa kutoa tone. Halafu mwambie mwenzako aisukume ubavuni kwa mikono, taratibu, huku na huku. Kuna ribiti zinazonyamaza boti ikitulia na kutoa maji boti ikijinyonga, na kwenye mawimbi inajinyonga saa zote.

Kila palipovuja zungushia alama kwa chaki au kalamu ya nta. Usitumie penseli. Kilicho ndani ya penseli ni grafiti, na grafiti ikikaa juu ya alumini penye unyevu inaila alumini palepale ulipochora. Mafundi wa ndege hukatazwa kuchora kwa penseli kwenye bati la ndege kwa sababu hiyo hiyo.

JUA UNATIBU NINI

Uvujaji wa boti ya alumini una sura nne: ribiti iliyolegea, mshono uliofunguka, ufa, na vishimo vya kuliwa na kutu nyeupe. Kila moja ina dawa yake. Anayekuja na dawa moja kwa zote nne, usimpe boti yako.

RIBITI: GONGA KWANZA, BADILISHA BAADAYE

Kampuni ya Grumman ya New York, iliyokuwa ikiunda ndege za kivita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilianza kutengeneza mitumbwi ya alumini vita vilipokuwa vinaisha, mwaka 1944 na 1945. Wazo lilikuwa la ofisa wake mmoja, William Hoffman, aliyechoka kubeba mtumbwi mzito begani katika safari zake za uvuvi. Walichukua ufundi ule ule wa ndege: bati jembamba lililokunjwa, na vipande viwili kuunganishwa kwa mstari wa ribiti. Boti nyingi ndogo za alumini zilizofuata zimeshonwa hivyo hivyo. Nalieleza hili kwa sababu linasema kila kitu kuhusu kuvuja kwake. Bati lile limekusudiwa kujinyonga kidogo bila kupasuka, na ribiti ndiyo inayobeba mnyongo huo. Wimbi baada ya wimbi, mwaka baada ya mwaka, ribiti inachoka, inaanza kucheza ndani ya tundu lake. Utaitambua kwa macho: kuzunguka kichwa chake kuna duara la kijivu kilichokolea, karibu na weusi, ule unga wa alumini uliosagwa na mchezo huo. Weka kidole upande mmoja, mwenzako agonge kidogo upande wa pili. Ikitetemeka chini ya kidole, imelegea.

Dawa yake ya kwanza haihitaji gundi. Mtu mmoja akae nje, akandamize kipande kizito cha chuma, hata kichwa cha nyundo kubwa, juu ya kichwa cha ribiti. Mwingine awe ndani, agonge mkia wa ribiti kwa nyundo ndogo. Mapigo matatu au manne, mafupi, yaliyonyooka. Utasikia sauti ikibadilika: mwanzoni inalia kama kopo, ikishabana inalia kama jiwe. Hapo acha. Usiendelee kupiga kwa hasira wala kwa kupendezwa na kazi yako. Alumini inayopigwa sana inakuwa ngumu na kupasuka, na bati linalozunguka ribiti linatanuka, ribiti za jirani zikalegea. Ukimaliza moja, jaribu mbili za kushoto na mbili za kulia.

Usigonge peke yako bila chuma upande wa pili. Nyundo isiyo na cha kuipokea haibani ribiti, inaitoa.

Ikikataa kubana, itoe. Piga alama katikati ya kichwa, tumia keekee yenye ncha ya unene wa mwili wa ribiti au pungufu kidogo, toboa kichwa tu, kisha isukume. Usilipanue tundu. Ribiti mpya iwe ya alumini, iliyojaa, si yenye tundu katikati. Urefu unaotokeza ndani kabla ya kupigwa uwe mara moja na nusu ya unene wake: ribiti ya milimita 5 itokeze milimita 7 na nusu. Ichovye kwenye gundi ya poliuretani kabla ya kuingiza.

Hapa nataka kusisitiza jambo ambalo mafundi wengi wanalipuuza. Ile ribiti ya kuvuta kwa koleo, inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, ina tundu linalopita katikati yake. Ukiitumia chini ya usawa wa maji umebadilisha tundu kwa tundu. Na ule msumari unaobaki ndani yake mara nyingi ni wa chuma: utashika kutu, utadondoka, maji yatapita. Kama huwezi kufikia upande wa ndani kwa sababu ya benchi lililojazwa povu, zipo ribiti za kuvuta zilizofungwa mwishoni, zenye mwili na msumari wa alumini. Ni ghali na si kila mji unazo. Ziagize, zisubiri. Usipige skrubu ya chuma, usipige boli ya geti, usipige msumari.

USAFI NI NUSU YA KAZI

Kila nyumba ina sufuria, kwa hiyo kila nyumba inaijua alumini. Ukisugua sufuria inang'aa, na baada ya muda inafifia tena. Kinachoifunika ni ngozi nyembamba sana inayojiunda mara alumini inapokutana na hewa. Ngozi hiyo ndiyo inayoilinda isiliwe. Ndiyo pia inayofanya gundi isishike, kwa sababu gundi iliyopakwa juu ya ngozi kuukuu na mafuta ya jana inashika ngozi na mafuta, haishiki chuma.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu wala usiugeuze. Toa mafuta kwanza kwa asetoni na kitambaa cheupe, mara mbili, mpaka kitambaa kitoke kisafi. Usitumie petroli, inaacha mafuta yake. Kisha sugua kwa msasa namba 80, au kwa brashi mpya ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Ukisugua kabla ya kutoa mafuta, unayashindilia kwenye mikwaruzo. Ukishafika kwenye chuma kinachong'aa, paka gundi papo hapo. Usiende kula kwanza. Mafundi makini wa epoksi hupaka tabaka jembamba, kisha husugua kwa msasa ndani ya epoksi ikiwa bado mbichi, ili hewa isipate nafasi ya kuigusa alumini hata kidogo. Fanya hivyo.

Usisugue kwa stili waya ya jikoni. Vipande vyake vidogo vinabaki kwenye bati, vinashika kutu, na chini ya kila kimoja alumini inaanza kuliwa.

GUNDI: IPI NA WAPI

Poliuretani, ile inayobaki laini kama mpira, ni ya mahali panapocheza: mishono, kuzunguka ribiti, chini ya vifaa vilivyofungwa. Epoksi inakauka ikawa ngumu, hivyo ni ya mahali palipotulia: vishimo vya kutu, mikwaruzo mirefu. Ukiweka epoksi juu ya mshono unaocheza, itapasuka msimu wa kwanza.

Paka upande wa nje, na ikiwezekana ndani pia. Kiraka cha nje kinasukumwa na maji kiingie mahali pake, cha ndani kinasukumwa kitoke.

Usitumie silikoni ya madirisha. Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inapokauka, na asidi haitakiwi juu ya bati hili. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba inaacha utando ambao hauonekani, na juu ya utando huo haishiki rangi, haishiki epoksi, haishiki kitu. Nikisikia boti imepakwa silikoni, najua nitafanya kazi mara mbili.

Usitumie saruji. Saruji mbichi ni kali kama magadi, na aliyewahi kupikia magadi kwenye sufuria ya alumini anajua jinsi inavyobadilika rangi. Lami nayo ni pazia tu. Jua likiwaka inalainika, maji baridi yakiigusa inakakamaa, na katikati inaachia.

UFA: TAFUTA ULIANZIA WAPI

Ufa una sababu. Labda mashine iliyofungwa nyuma ni kubwa kuliko boti inavyoruhusu. Labda ubavu mmoja umeachia ndani na bati linapiga juu na chini kama ngozi ya ngoma. Labda boti inaburutwa juu ya mawe. Usipoondoa sababu, ufa utatokea tena pembeni ya kiraka chako.

Toboa tundu dogo la milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa. Usipofanya hivyo, ncha kali ya ufa itaendelea kutembea chini ya kiraka wewe ukiwa huioni. Jihadhari hapo: ncha halisi mara nyingi iko mbele kidogo ya inapoonekana kwa macho. Kisha kata kiraka cha alumini ya aina ya 5052, ambayo ndiyo inayotumika sana kwenye boti, chenye unene sawa na wa tumbo. Kipite ufa kwa sentimita 4 au 5 kila upande. Pembe zake zizungushe, zisiwe kali. Paka poliuretani chini yake pote, piga ribiti kukizunguka, zikikaa mbali na ukingo kwa angalau mara mbili ya unene wake, na kati ya moja na nyingine mara tatu hadi nne.

Usiweke bati la kuezekea nyumba kuwa kiraka. Lile ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki itakwisha, kisha chuma na alumini vitabaki vikilana ndani ya maji.

KUCHOMELEA: SIMAMA KWANZA

Fundi wa mageti ni fundi wa kweli kwenye mageti. Usimpe boti ya alumini. Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, kinamwonya anayekichoma. Alumini haibadilishi rangi. Inayeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, lakini ile ngozi yake ya juu haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 2,000. Asiyejua hilo anaona juu bado pagumu, anaongeza moto, na chini bati limekwisha kuwa maji. Linaanguka lote kwa mara moja. Niliwahi kuletewa boti iliyopelekwa kwenye karakana moja ikiwa na ufa wa urefu wa kidole, ikarudi na tundu ninaloweza kupitisha ngumi.

Alumini inachomelewa kwa mashine ya TIG au MIG, chini ya gesi ya agoni, na mtu aliyejifunza alumini hasa. Hata akiwepo mtu huyo, kwa boti nyembamba ya ribiti mimi nakataa kuchomelea karibu na mshono. Moto unasafiri haraka ndani ya alumini, unachoma gundi iliyowekwa kiwandani katikati ya bati mbili, unalegeza ribiti za jirani, na bati lenyewe linapoteza sehemu ya nguvu zake pale lilipopashwa. Unaziba mahali pamoja, unafungua pengine pakubwa zaidi. Boti nene zilizoundwa kwa kuchomelewa tangu mwanzo ni habari nyingine, hizo zichomelewe.

Ikibidi kuchomelea, ondoa tangi la mafuta na mipira yake yote, peleka mbali. Fungua waya za betri. Povu lililo chini ya mabenchi litolewe: likishika moto linatoa moshi wenye sumu inayoweza kuua mtu aliyeinama ndani ya boti. Na chumba chochote kilichofungwa kabisa kipe tundu la kupumulia kabla ya moto, kwa sababu hewa ya ndani ikipashwa inatanuka na kukipasua.

Ziko pia fito zinazouzwa kwa maneno matamu kwamba zinaziba alumini kwa moto wa kawaida wa gesi. Juu ya meza, kwenye kipande kipya kisafi, zinashika. Kwenye mshono wa boti yenye miaka 20, wenye maji na uchafu katikati ya bati mbili, sijaona zikidumu.

USICHANGANYE METALI

Alumini ikigusana na shaba, risasi au chuma penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Maji ya chumvi yanaharakisha mara nyingi zaidi ya maji ya ziwa, hivyo boti iliyodumu Mwanza inaweza kuharibika haraka ikipelekwa Tanga bila maandalizi. Kusanya sarafu, ndoana na risasi za nyavu zilizoanguka chini ya sakafu. Nimetoa sarafu moja iliyoacha duara lililoliwa hadi upande wa pili. Usipake chini rangi ya kuzuia viumbe vya majini yenye shaba ndani yake. Usifunge ubao uliotiwa dawa yenye shaba. Kila boli ya chuma kisichoshika kutu iwekewe washa ya plastiki na gundi. Na zile anodi, vipande vya metali vinavyofungwa ili viliwe badala ya boti: baharini funga za zinki au za alumini, ziwani funga za magnesiamu. Usizipake rangi, maana anodi iliyopakwa rangi haifanyi kazi.

Kuhusu zebaki, naomba usome polepole. Kandokando ya ziwa hili, Geita na kwingineko, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na zebaki hiyo husafiri kwenye chupa na vikopo. Tone moja likianguka juu ya alumini palipokwaruzwa linaivunja ile ngozi na kuizuia isijiunde tena. Alumini inaanza kugeuka unga mweupe unaoota kama ukungu, na haisimami siku hiyo wala kesho yake. Rangi haiokoi, gundi haiokoi. Mashirika ya ndege huwekea zebaki masharti makali ndani ya ndege kwa sababu hii. Usibebe zebaki kwenye boti ya alumini, ya kwako wala ya mwenzako, hata kwa nauli nzuri. Ikishamwagika, sehemu ile inakatwa yote na kutupwa pasipofikiwa na watu wala maji.

IKIANZA KUVUJA UKIWA MBALI NA UFUKO

Vaeni majaketi okozi kwanza, kisha ndiyo mtafute tundu. Hamisheni mzigo kutoka upande unaovuja ili sehemu hiyo inyanyuke, lakini msiende wote kwa pamoja: maji yaliyo ndani yataenda mlikoenda, na boti italala. Ufa mdogo shindilia sabuni ya mche, ikande kwa kidole gumba mpaka iingie. Tundu kubwa shindilia kitambaa kilichokunjwa na mtu akikandamize kwa mguu. Mmoja akumbe maji bila kupumzika. Geuzeni kuelekea ufuko ulio karibu, hata kama si mnakokwenda. Ukifika, sabuni hiyo si matengenezo. Usiondoke nayo tena.

USIIBURUTE

Ribiti za mkuku zinakufa zaidi kwa kuburutwa kuliko kwa mawimbi. Mchanga na mawe vinasaga vichwa vyake mpaka vinakuwa bapa, na ribiti isiyo na kichwa haishiki kitu. Weka vigogo vya migomba chini ya boti, ni laini, vinateleza na havikwaruzi. Au iteni watu wanne, muibebe.

JARIBU TENA

Gundi iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo lake. Usiuongeze kwa kukisia wala usiupunguze kwa sababu kesho ni siku ya soko. Kisha irudishe juu ya magogo, paka chaki, mimina maji kama mwanzo, kwa usawa ule ule, na umwambie mwenzako aisukume. Ikibaki kavu pale, ipeleke majini na mzigo wa kawaida, zunguka karibu na ufuko kwa saa moja, itoe, na ushike kwa kidole kila ribiti uliyoigusa. Andika kwenye daftari tarehe na mahali ulipotengeneza, kwa sababu mwakani utataka kujua kama ni palepale au ni papya.

Na wewe unayemiliki boti inayobeba watoto wa shule, wagonjwa au abiria wa soko: usiipakie mtu mpaka chaki imebaki nyeupe. Ikichora hata mstari mmoja, boti haijapona. Irudishe kwenye magogo.